Kifuniko cha Fundi Cishugi

Jumamosi nilipanda Kadutu kwa Fundi Cishugi,
na sufuria mbili zikigongana mfukoni mgongoni:
moja upana wake shibiri moja,
nyingine shibiri mbili, wala hazipungui.
Kifuniko kidogo, alisema, faranga elfu mbili.
Nikapiga hesabu ya kikubwa palepale,
nikamhesabia elfu nne.
Alicheka mpaka nyundo ikamponyoka.
"Nane, mdogo wangu. Elfu nane."

Niligomba. Niliita wapita njia wanishuhudie.
Mara mbili ni mara mbili, nilisema,
mimi nimesoma, mimi nachora takwimu,
kazi yangu ni kuzipa namba umbo zionekane!
Muuza sambaza wa jirani
alitikisa kichwa, sijui kwa nani.

Cishugi hakubishana.
Kwa msumari alichora mraba juu ya bati,
wa kutosha kifuniko kikubwa,
akaukata kwa mstari mmoja wa kusimama
na mwingine wa kulala.
Vyumba vinne.
Katika kila chumba akaweka sufuria yangu ndogo:
hapa, na hapa, na hapa, na hapa.
"Wewe unaangalia upana," alisema.
"Mimi nanunua bati."

Nililipa nane.
Niliteremka kimya, kifuniko kikinipigia makofi mgongoni.

Usiku, usingizi ukaniruka.
Niliyaona maduara yangu.

Jumatatu, ofisini Nguba, kabla umeme haujakatika,
nilifungua ukurasa wa kaya zisizo na bomba.
Ibanda, elfu moja: duara la sentimita mbili.
Kadutu, elfu nne: nikalipa sentimita nane,
kwa kuwa nne ni mara nne ya moja,
na kipanya kilikuwa chepesi,
na pembe ya umbo hukubali popote uivutapo.
Lakini ukivuta pembe, upana unakwenda
na urefu unakwenda nao, kama pacha.
Nne kwa nne.
Mle ndani Ibanda ingeenea mara kumi na sita.
Kwa kuvuta pembe moja
nilikuwa nimezaa kaya elfu kumi na mbili
zisizo na jina, zisizo na mlango,
zisizo hata na ndoo.

Basi nikatafuta kipeuo cha pili cha nne.
Mbili tu.
Nikaandika kwenye kisanduku: asilimia mia mbili.
Duara likanywea mbele ya macho yangu
kama mkate uliotolewa mapema jikoni.

Madame Nshokano alisimama nyuma ya kiti changu.
"Mbona kiu imepungua?"
Haijapungua, nilisema, ni eneo sasa, si upana.
"Mfadhili hasomi eneo. Mfadhili anafunua kurasa."
Nilitaka kumwambia habari za bati.
Nikasema tu kwamba hesabu ndivyo ilivyo,
na sauti yangu haikuwa kubwa.
Akaondoka bila kusema ndiyo, bila kusema hapana.

Nilichapisha nakala moja umeme ulipokuwapo.

Mama Cibalonza aliyekuja kufuta meza
aliinua karatasi asije akailowesha.
Anakaa Kadutu, juu kabisa, njia isikofika gari;
saa tisa za usiku huwa ameshapanga madumu.
"Hii ni nini?"
Ni ninyi, nilimwambia. Kaya elfu nne.
Akaitazama kwa muda mrefu,
akajifuta mkono kwenye kitenge,
akaweka ncha ya kidole ndani ya duara,
si katikati, pembeni kidogo, upande wa mlima.
"Basi mimi niko hapa."

Kidole chake kilikuwa na upana wa sentimita moja hivi.
Nilipiga hesabu, siwezi kujizuia siku hizi:
chini yake kaya mia mbili na hamsini
zilikuwa zimesimama kwenye foleni,
na alipokiondoa
palibaki alama ya maji.
Sikuipangusa. Nikaiacha ikauke yenyewe.