Bisibisi Menoni

Shekilindi kaleta gari lake la mchanganyiko,
bodi ya Landrova, umri sawa na kaka yangu mkubwa,
moyo wa Toyota niliompandikiza mwenyewe
mwaka ule mahindi yalipoozea shambani.
Kalipaki hapa uani, Barabara ya Kumi na Saba,
akanitupia swali kama mtu anayedai deni:
"Fundi, tuing'oe kabureta? Tufunge injeksheni?"

Simjibu. Nafuta mikono kwa kanga kuukuu ya mke wangu,
jina lake limebaki nusu: …UTACHOKA WEWE.

Kabureta naijua kama ulimi unavyolijua pengo.
Nimeifungua gizani, umeme umekatika,
boya, sindano, jeti, vispringi vya kupotea,
vyote juu ya sinia la pilau,
nikapuliza kitundu kwa mdomo
petroli ikaniachia kiungulia cha siku mbili.
Na ikawaka. Haikuwahi kukataa.
Bisibisi moja, robo mzunguko kushoto,
unangoja injini ishushe pumzi,
hapo hapo. Usiguse tena.

Lakini ukitoka Mombo kuitafuta Soni
hewa inakonda, na kabureta haina habari,
inamimina vilevile, kama mpishi wa msibani
asiyejua kuwa wafiwa wameshatawanyika.
Moshi mweusi. Plagi zimevaa masizi.
Shekilindi na kabichi zake ukingoni mwa korongo
anamtaja marehemu mama yangu, na si kwa dua.

Mwanjaa, mwanafunzi wangu, katoka VETA
na laptopu yenye ufa kama mto Zigi kwenye ramani.
Anasema injeksheni huonja hewa kwanza,
sensa inanong'ona, boksi linapiga hesabu,
nozeli inatema kwa kipimo,
pwani kipimo chake, mlimani kipimo chake.
"Na chumvi?" nikamwuliza. "Chumvi ya Raskazone
ikishakula soketi, hesabu atapiga nani?
Gari litakufa Pongwe, kimya, bila hata kikohozi,
utapuliza wapi?"
Akacheka. "Grisi, Mzee Singano.
Soketi hupakwa grisi."

La pili sikumwambia.
Tangu Mfungo Sita sikio la kulia limelala,
la kushoto lasikia vyuma
kama mtu anayeongea ndani ya debe.
Silo siisikii.
Nauma mpini wa bisibisi, ncha naisimika juu ya injini,
mtetemo unanipanda menoni, unashika taya,
nasoma kwa mfupa.
Wateja wanadhani ni madoido ya fundi mkubwa.

Juzi nilikosea nusu mzunguko. Nusu nzima!
Injini inachechemea, nami nimesimama natabasamu.
Mwanjaa akapita nyuma yangu kama anaokota spana namba kumi,
akairudisha skrubu mahali pake,
akaenda zake kunawa mikono.

Sasa Shekilindi anangoja, anakuna shingo,
anahesabu kichwani magunia mangapi ni injini moja.
"Funga injeksheni," nasema.
"Pampu ndani ya tangi. Waya zipite juu, mbali na tope.
Kabureta usiuze, sijui nani atakuja kuihitaji.
Atakayefunga ni Mwanjaa."
Akageuka kumtazama yule binti, akanirudia mimi.
Midomo yake ilisema kitu kifupi,
nadhani: "Na wewe?"
"Mimi nitashika taa."

Kabureta nimeifunga ndani ya kile kipande cha kanga,
nimeiweka juu ya kabati la vyombo.
Chumba kizima kinanuka petroli.
Mke wangu amesimama mlangoni, mkono kiunoni,
midomo inakwenda mbio.
"Sawa," namwambia, "sawa,"
wala sijui nimekubali nini.