Nati Namba Kumi

Ilisema ti. Kisha ti tena, chini zaidi.
Halafu haikusema kitu,
na hapo ndipo nilipoogopa,
maana nati ikifika lami hulia, hubingiria,
humpa mtu sababu ya kupiga magoti.
Yangu ilinyamaza katikati ya safari.

"Mara mbili, mama," akasema Rauhia, tochi mkononi.
"Haijafika chini. Imo ndani."
Ana miaka tisa, na Kiswahili chake kina baridi ya Hull,
irabu zimevaa koti.

Nilikuwa nabadilisha plagi.
Gereji ilitaka pauni mia na arobaini,
nami ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku, kuogesha wazee,
nikasema: mikono ninayo.
Ninayo kweli, na mmoja umekwama hadi kiwiko
kati ya bomba la hewa na ubavu wa injini,
vidole vinapapasa grisi, mchanga,
jani kavu la vuli ya mwaka gani sijui.
Cha mvunguni nimekiinamia maisha yangu yote.
Hiki hakina mvungu. Kina giza lenye kona.

Usiwashe, nikajiambia. Hata ukikasirika vipi, usiwashe.
Nikaizungusha injini kwa spana, polepole,
mizunguko miwili kamili, sikio juu ya chuma
kama ninavyomsikiliza mzee Wilf akipumua alfajiri.
Hakuna kilichosaga.
Basi haikuingia moyoni. Imejilaza pembeni tu.

Maureen wa namba kumi na nne akatoka na slipa, na chai.
Hakusema pole; kwao pole ni kikombe.
Akachungulia, akarudi ndani, akaleta sumaku ya friji:
punda wa Scarborough, mwekundu, sikio moja limevunjika.
Tukamfunga kwenye waya wa hanga kwa plasta ya kidonda.
"Shukrani ya punda ni mateke," nikamwonya Rauhia.
Akacheka, akamshusha yeye,
kwani mkono wake ndio ulioenea.

Punda akang'ang'ania kishikio cha betri.
Akang'ang'ania paipu. Akang'ang'ania kila chuma
ambacho hakutumwa.
Mara ya saba, au ya tisa, akapanda
na kitu tumboni,
na kelele za Rauhia zikawarusha njiwa wa paa la jirani.

Nikaipangusa kwenye suruali.
Haikuwa yangu.

Yangu ilikuwa inang'aa, niliifungua muda si mrefu.
Hii ilikuwa nyeusi, kutu pembeni kama ukoko wa sufuria,
imekaa humo miaka.
Namba kumi vilevile.

Nikamkumbuka Bwana Pickersgill wa Withernsea
aliyeniuzia gari hili, kalamu ikimtetemeka,
akiapa halijawahi kumsumbua hata siku moja.
Mzee wangu! Siku moja ulisimama hivi hivi,
ukasikia ti, ukasikia ti,
ukaingojea ya tatu,
kisha ukafunga boneti, ukaingia ndani kula,
na mkeo hukumwambia.

Tulimrudisha punda hadi chai ikaota ngozi.
Hakuleta kitu tena.
Manyunyu yakaanza, yale ya hapa yasiyoanguka,
yananing'inia tu mpaka uyapite.
Nikaichukua ya mzee, nikaisugua kwa brashi ya meno,
nikaipaka tone la mafuta, nikaizungusha kwa ncha za vidole.
Ilikubali. Ilishika uzi
kama mtu aliyekuwa akingoja kuitwa jina.

Gari likawaka mara moja.
Maureen akapiga makofi na kikombe mkononi.
"Na ile yetu?" akauliza Rauhia.

Nikamwambia ile yetu ni ya atakayelinunua baada yetu.
Hakuridhika. Mtoto huyu hapendi deni.
Mpaka leo, kila tukikaribia tuta la pale shuleni,
ananyoosha mkono,
anazima redio kwanza.