Dumu Nililisuuza Mimi

Mezani jikoni nimetandika gazeti la mwezi wa pili,
na juu yake kabureta ya kaka yangu Pavia,
baridi, nzito kuliko umbo lake,
inanuka petroli iliyolala.
Dirishani ghuba ya Saattut ingali na barafu,
lakini ni barafu ya Mei, ya kijivu, ya kutiliwa shaka;
hata mbwa wameacha kuiamini.

Naanza na skrubu nne za bakuli.
Ya tatu imeshika. Naidondoshea mafuta, naibembeleza,
maana skrubu kuukuu haina ugomvi, hukatika tu,
na vipuri huja kwa helikopta, ukungu ukipenda.

Bakuli linafunguka.
Ndani, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni:
petroli ya mwaka jana imekauka ikawa gundi,
imekishika kielea, imeiziba jeti ndogo,
ile yenye tundu la kupita unywele.
Pavia angechukua waya wa chuma, akachokoa.
Mimi hapana. Chuma hulipanua tundu,
na injini iliyopanuliwa koo hunywa bila kushiba.
Nachukua uzi wa nailoni wa kuvulia,
naupitisha, naurudisha, naielekeza jeti kwenye taa:
nukta moja ya mwanga,
mviringo.
Hapo ndipo ninapopumua.

Lakini pembeni mwa bakuli, chini kabisa,
limekaa tone.
Naliinamisha huku, linateleza; kule, linarudi,
limejikunja peke yake kama mgeni asiyejua lugha.
Nalichota kwa kijiko. Nagusisha ulimi.
Ukali wa petroli, ndiyo, na chini ya ukali
hakuna chumvi.

Septemba, injini ilikohoa mara mbili ikanyamaza,
na Pavia akaelea usiku kucha
kati ya mapande ya barafu makubwa kuliko kanisa letu,
akipiga kasia kwa ubao wa kukatia samaki.
Vidole viwili hadi leo havijui moto wala baridi.
Alisema ni wimbi lililoingia tangini.
Baadaye akasema ni Enok wa pampu,
anatuuzia masimbi ya tangi kwa bei ya juu.
Tangu hapo hamsalimii.
Jumapili Enok akikaa kushoto, Pavia huhamia kulia,
na sisi wengine tunaimba katikati yao.

Wimbi lingekuwa na chumvi.
Na Enok nyumba nzima ya kijiji humuuzia pampu ile ile,
wala hakuna mwingine aliyezimikiwa.

Jumanne ile, kabla ya safari, nililiona dumu,
jekundu, chafu, mchanga umeganda kitakoni.
Nikachukua birika la barafu iliyoyeyushwa,
nikalisuuza mara tatu,
nikaliinamisha kidogo tu, kwa kuwa sufuria ilikuwa inafurika,
nikafunga kifuniko kwa nguvu.
Alipoliulizia nilimpa kwa fahari:
tazama, linang'aa.

Sasa nimeweka chujio jipya.
Mpira wenye ufa nimeukata, nimeutupa.
Petroli mpya nimeimimina katika chupa ya jemu,
nimeiacha dirishani tangu asubuhi;
kama ina maji, maji yatashuka yenyewe,
hayahitaji kusukumwa.
Safari hii, vuli ikija, tangi tutalijaza hadi shingoni
ili hewa isipate mahali pa kutoa jasho,
na bakuli tutaliacha injini ilinywe lote,
hadi izimike yenyewe, kavu.
Haya yote nayajua. Niliyajua na Septemba.

Viatu vinakung'utwa mlangoni.
Pavia anaingia na harufu ya mbwa na theluji,
anaitazama kabureta ilivyong'aa, anacheka.
"Enok huyo! Umekuta uchafu wake?"

Namsogezea kijiko.
"Onja."

Anaonja. Anakunja uso.
Anakitazama kijiko, ananitazama,
kisha, taratibu,
analitazama birika.