Miiba ya Pwani

Mimi, Ndahani wa Chilewa, karani wa waya,
bahari sijaiona hata siku moja.
Lakini mwaka ule, stesheni ya Dodoma,
kila alfajiri niliigawa:
huku yao, huku yetu.

Pini zilikuwa za rangi mbili.
Manowari zilipoziba bandari
pini nazo zikakoma, pamoja na sindano,
sabuni, na wino wa zambarau.
Bwana Luteni akanituma nje ya uzio
nichume miiba ya mgunga.
Mweupe, wetu.
Uliochovywa damu ya mbuzi, wa adui.
Ndivyo mgunga wa Ugogo ulivyofika Kilwa.

Waya uligonga: Sadani, salama.
Waya ukagonga: Sadani, moshi.
Kisha ukanyamaza siku nne,
nami nikaambiwa niandike: salama.

Sokoni, Mama Nyendo hakuwa na ramani.
Alipima kaniki kwa mkono wake mfupi,
akaupunguza tena,
akasema, "Pwani imekwenda."
Sikuliandika. Halikuja kwa waya.

Ndipo wakamleta Sogodi, mpagazi,
nyayo zimepasuka kama mbuga ya kiangazi.
Akaulizwa: ufuo ule, nani anaushika?
Akaomba maji. Akanywa. Akafikiri.
"Asubuhi niliwakuta askari wetu wamechimba mahandaki.
Mchana maji yakaja, yakayajaza.
Jioni maji yakaondoka, na mahandaki nayo.
Bwana, mchanga ule haushikwi."

Luteni akadhani ni fumbo la wapelelezi,
akamfungia stoo ya reli.
Nami niliyetafsiri sikujua kumtetea:
kwetu mto ukiondoka
hurudi baada ya mwaka, na pengine usirudi.

Kisha wakaingia wengine, kofia nyingine,
Luteni kaondoka na treni ya usiku.
Wakanikuta palepale, kidole juu ya kitufe.
Afisa mpya akaisoma ramani, akacheka.
"Usiing'oe," akasema. "Badili maelezo tu."
Basi pembeni, kwenye mwiba mweupe,
nikafuta *wetu*.
Kwenye mwekundu nikaandika *wetu*.
Mwandiko uleule.

Stoo hakuna aliyeiulizia.
Nilikwenda na ufunguo jua likichomoza.
Sogodi alitoka akijikinga macho kwa kiganja,
hakuuliza nani kashinda.
Aliuliza, "Huko, saa hizi,
yamejaa au yamekupwa?"