Shubiri Moja ya Utepe

Burbank, mwaka wa sabini na saba. Studio haina dirisha.
Hali ya hewa tunaisoma kwenye nguo za wanaoingia:
Vernell Tibbs na jasho kwapani, basi ni alasiri;
Hollis Yancey na mabega yaliyolowa, kumbe mvua.

Kazi yangu ni kuzungusha utepe, kuchemsha kahawa
na kunyamaza.

Wenye albamu ni wawili. Wanakaa nyuma ya kioo
kama mahakimu waliochoshwa na kesi.
Mmoja hutafuna penseli. Mwingine akisema "vizuri"
maana yake: rudia.

Kuna pengo la nusu dakika baada ya ubeti wa pili.
Bendi nzima inakatika ghafla, kimya,
halafu gitaa.
Mpiga gitaa wa kwanza alilijaza nota mpaka likamwagika.
Wa pili alipiga kama anayeomba kazi.
Wa tatu alikuwa na jina kubwa, na gitaa lilijua.
Wa nne na wa tano siwakumbuki,
nakumbuka risiti zao tu.

Wa sita, Delmar Ochs, katoka kurekodi tangazo la dawa ya meno.
Saa moja jioni anatakiwa kwingine, filamu ya polisi.
Gitaa lake limebandikwa plasta ubavuni.
Akauliza: "Maneno yanasema nini hapa?"

Hakuna aliyewahi kuuliza.
Wakatazamana. Yule wa penseli akasema,
"Mtu karudi kwake, akakuta kitasa kimebadilishwa."

Delmar akaitika. Akalegeza waya mmoja,
kiasi cha unene wa kucha.

Vernell alipiga ngoma zake Jumanne. Leo hayupo, lakini yumo:
kijiti juu ya toazi, mtu anahesabu sarafu gizani.
Hollis alipiga besi Alhamisi, nota chache kuliko alizolipwa.
Ndivyo wanavyokutana hawa,
kila mmoja na siku yake, hedifoni masikioni,
akimjibu mwenzake aliyekwisha kwenda kulala.

Mcheza kwao hutunzwa.
Hawa walicheza kwa watu,
wakatia saini, wakauliza
maegesho yanafungwa saa ngapi.

Utepe ukaenda. Bendi ikakatika.
Delmar akavuta pumzi,
niliisikia, kavu, ya mvutaji sigara,
akabisha hodi kwa nota tatu.
Akangoja.
Kungoja kule!
Kisha ile ya nne, chini kidogo ya mahali pake,
ufunguo unaojua hautaingia
na bado unaingizwa.

Nyuma ya kioo penseli ilikoma.
Hakuna aliyesema "vizuri."

Usiku wakaniambia: pumzi ile, iondoe.
Nikaulaza utepe kwenye mfereji wake,
nikauvuta kwa mkono, mbele, nyuma,
sauti ikikoroma kama mbwa mzee,
nikatia alama ya nta, nikakata kwa wembe, mshazari.
Shubiri moja.
Mahali pake nikaunga shubiri nyingine, tupu.
Hata chawa angepita asihisi mshono.

Jalada lilipotoka walimwandika Delmer Oaks.
Alicheka kwenye simu. "Mradi hundi hawakukosea."

Sasa kuna vijana huniita majumbani kwao,
wana spika za bei ya gari,
wanataka niusikie usafi wa kazi ile.
Wanafumba macho. Wanasema: sikiliza, sikiliza kimya hicho!

Nakijua. Nilikikata mimi.
Kipande chenyewe kiko kwenye kopo la vifungo,
kimeanza kupukutika kutu ya kahawia vidoleni,
na mashine ya kukichezesha niliiuza zamani.

Kwa hiyo bendi inapokatika,
kabla ya zile nota tatu mlangoni,
mimi, polepole, wasinisikie,
huvuta pumzi.