Mtandao Ulipolala

Bei ya birika la umeme niliiandika Oktoba
nyuma ya daftari la hesabu la Kemunto,
chini ya jedwali la saba:
elfu mbili mia nne,
duka kubwa la Barabara ya Thika,
rafu ya chini, karibu na ndoo za plastiki.

Leo tarehe ishirini Desemba
birika lile lile limevaa utepe mwekundu.
Bei ya zamani, elfu tatu mia nane,
imechapwa kiboko cha wino,
na chini yake, kwa herufi zinazopiga kelele:
elfu mbili mia sita tu!
Nikacheka peke yangu kama mwehu.
Punguzo limeongeza mia mbili.

Ungenidhani mjanja.
Ungedhani niligeuka hapo hapo nikashika njia ya Umoja.
La. Toroli lilikuwa limejaa.

Niliingia kutafuta unga, mafuta
na viatu vyeusi vya shule, saizi thelathini na tatu.
Taa za rangi sijui ziliingiaje.
Sijui nani aliweka shuka za maua,
na vikombe sita vyenye kulungu kwenye theluji.
Theluji! Mimi mzaliwa wa Nyamache,
nisiyejua baridi kuliko ile ya Julai, saa kumi na moja alfajiri.
Na mashine ya kukamua machungwa,
ilhali machungwa nyumbani kwetu
hukamuliwa na meno.

Juu ya vichwa vyetu spika ikabweka:
Asilimia hamsini! Zimebaki dakika arobaini!
Moyo ukaanza kukimbia,
sijui ulikimbilia wapi, nami nimesimama foleni,
nyuma ya bwana aliyekumbatia runinga kama bibi harusi,
mbele ya wanawake wawili na blanketi moja,
kila mmoja ameshika pembe yake
na kila mmoja ndiye aliyeliona kwanza.

Ndipo msichana wa kaunta akainua mkono.
Mpesa imekwama, jamani. Mtandao umelala.
Simu zikapanda juu, mia nzima,
kama watu wanaoomba mvua.

Mtandao ulipolala
ndipo mimi nilipoamka.
Dakika ishirini ni nyingi
mtu akiachwa na toroli lake watazamane.

Karo ya muhula wa kwanza. Kodi ya nyumba. Sare.
Deni la Bosibori wa chama, ambaye hadai kwa maneno,
hudai kwa kunisalimia mara mbili.
Na mgeni yule asiyebisha hodi,
Januari, tuliyemwongezea herufi
akawa Njaanuari, mwezi wa siku tisini.

Nikarudisha vikombe. Kulungu hawakunililia.
Mashine ya machungwa niliiacha kati ya sabuni;
anisamehe aliyeiokota.
Shuka, sitadanganya, zilikuwa laini.
Nikazirudisha, nikazifuata,
nikazirudisha tena, safari hii bila kuzigusa kwaheri.
Birika halikuwa na bahati:
sufuria yetu huchemsha maji
na haijawahi kunidai utepe.

Zikabaki taa, kamba moja, mia tatu na hamsini.
Sikuiandika bei yake Oktoba.
Huenda nimeibiwa.
Lakini Kemunto alizitaja mara moja tu,
tukipita dirisha la duka fulani, na hakurudia,
kama mtoto anayelijua jibu
na hataki kumwaibisha mwulizwa.

Mtandao ukaamka, foleni ikashangilia.
Bwana wa runinga akalipa, jasho likimtoka.
Nikalipa. Ujumbe ukaingia.
Nikalisoma salio taratibu, tarakimu kwa tarakimu,
na mabega yangu, yaliyokuwa masikioni tangu asubuhi,
yakashuka.

Usiku tukazichomeka taa dirishani.
Nusu zikawaka. Nusu zikagoma.
Nikazitikisa, nikazipuliza, nikazitukana kwa Kigusii.
Kemunto, kidevu juu ya magoti,
akazitazama zile zilizokubali.
Mama, akasema,
si walisema asilimia hamsini?