Kikohozi cha Baba Mdogo

Upande wa pili, kabla ya ubeti wa tatu,
kuna mtu anakohoa.
Mara moja tu, kikohozi kikavu
cha mtu aliyejizuia akashindwa.
Ndiye Aminieli, baba yetu mdogo,
mpuliza tarumbeta wa bendi ya Msaranga,
siku waliyokwenda Nairobi kurekodi
na mwenye studio akakataa kurudia: muda ni pesa.

Picha yake hatuna.
Kaburi liko Uru, katikati ya migomba,
tarumbeta iliuzwa kulipa hospitali.
Kilichobaki ni hicho kikohozi,
kimelala ndani ya mfereji mwembamba kuliko unywele,
na Baba kila Jumapili, baada ya ibada,
alikingoja kama mtu anayengoja treni
(alikuwa karani wa stesheni, kungoja alikujua).
Kikipita, huinua kidole:
"Mmemsikia?"
Tumemsikia, Baba.

Santuri aliishika kwa ncha za vidole, pembeni,
kama unavyomshika mtoto mwenye homa.
Sisi hatukuruhusiwa hata kupumua karibu.
"Hii ikipata kidonda," alisema, "haiponi."

Mimi nimeigusa.

Ilikuwa Julai, baridi ile ya Moshi
ya kulala na sweta ndani ya blanketi,
mlima umejifungia wiki nzima.
Niliona vumbi, nikaona alama ya kidole chenye mafuta,
nikasema niisafishe kabla ya Jumapili.
Maji ya bomba yaliniuma mifupa,
nikachanganya na ya birika.
Kidogo tu. Mungu anajua, kidogo tu.

Umewahi kuona jani la mgomba likibabuliwa motoni,
linavyolegea, linavyokubali?
Ndivyo ilivyofanya mikononi mwangu.
Ingekuwa sahani ya udongo ingepasuka kwa kelele,
watu wangekuja, ningepata la kusimulia.
Hii iliinua ukingo mmoja, polepole,
kama mtu anayeinua nyusi.

Niliilaza chini ya Biblia kubwa na mawe mawili ya mtoni.
Siku tatu.
Kisha nikaiweka kwenye mashine, mlango nimefunga.
Sindano ikapanda, ikashuka, ikapanda,
kama pikipiki barabara ya Kibosho baada ya masika.
Magitaa yakalewa.
Na ilipokaribia ubeti wa tatu,
ikaruka.
Tak. Waimbaji wamesharudi.
Nikairudisha nyuma. Tak.
Nikabandika sarafu juu ya kichwa cha sindano. Tak.
Yaani katika dakika tatu zote za ule wimbo
imechagua kumruka yeye.

Jumapili ya kwanza nikamwambia Baba umeme umekatika.
Ya pili, hivyo hivyo.
Ya tatu, redio ya Mama Ndeshi kwa jirani
inaimba mpaka mabati yanatetemeka,
balbu inawaka juu ya vichwa vyetu,
nikasema, "Wamekata, Baba."
Akaitazama balbu.
Akanitazama.
Akaomba chai.

Wiki hiyo nikapanda Uru.
Nikakata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba,
nikalipiga fundo kama Bibi alivyotufundisha,
nikalitia ndani ya jalada, mahali pa santuri.
Maneno sikuwa nayo.

Jumapili ya nne Baba akalichukua jalada mwenyewe.
Akalipima mkononi: jepesi.
Akaingiza vidole, kwa ncha, pembeni, kama siku zote,
akalitoa jani.

Alikaa nalo muda wa wimbo mzima,
upande wa kwanza, na wa pili.
Mahali fulani akainua kidole.
Hakuuliza.

Kisha akaitazama balbu inayowaka,
akalirudisha jani ndani taratibu, lisichubuke.
"Kumbe kweli," akasema,
"umeme umekatika."